Mwiko hauko kwenye mti: Durkheim, kitu kitakatifu na nguvu ya kanuni za jamii

Anayesoma sosholojia kwa Kiswahili hujikwaa mapema, na kisiki chenyewe kimo ndani ya neno. Émile Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa aliyezaliwa Épinal mwaka 1858 katika ukoo wa marabi, alisema kila dini huigawa dunia mafungu mawili. Fungu la kwanza tumezoea kuliita vitu vitakatifu. Sasa, "takatifu" limetokana na kutakata, yaani kuwa safi. Mwanafunzi anaingia darasani akiwa ameshaamini kwamba kitakatifu ni kisafi, chema, cha Mungu, na kwamba fungu la pili ni la uchafu, uovu na shetani. Akianzia hapo, kila atakachosoma baadaye kitapinda.

Neno alilotumia Durkheim lina mzizi katika Kilatini, sacer. Warumi walilitumia kwa kilichowekwa wakfu kwa miungu, na walilitumia pia kwa mtu aliyelaaniwa, ambaye kumuua hakukuhesabiwa kuwa mauaji. Fikiria maiti. Hakuna atakayeisifu kwa usafi, lakini haiguswi ovyo, anayeiosha ana utaratibu wake, na nyumba ilimolala haiendeshwi kama siku nyingine. Kwa Durkheim maiti imo katika fungu la kwanza moja kwa moja.

Ushahidi mzuri zaidi tunao wenyewe vinywani. Msikiti wa Makka huitwa Haram kwa Kiarabu. Hujaji akishavaa shuka zake mbili nyeupe ameingia katika ihramu, na tangu hapo hakati kucha, hanyoi, hawindi, halali na mkewe. Mfunguo nne, mwezi wa kwanza wa mwaka wa Kiislamu, ni Muharamu. Ndugu usiyeweza kumuoa ni maharimu wako. Na nyama ya nguruwe ni haramu. Maneno yote haya yametoka mzizi mmoja. Katika Kiswahili cha kila siku "haramu" limeelemea upande wa ubaya, lakini mzizi unasema jambo moja tu: hapa pana mpaka. Mskoti William Robertson Smith alilitazama hili mwaka 1889 katika mihadhara yake juu ya dini ya Wasemiti, akaonyesha kwamba kilicho wakfu na kilicho najisi hulindwa kwa makatazo yanayofanana mno. Durkheim alilichukua wazo hilo kwake. Kwa hiyo kila utakapoona "kitakatifu" katika makala haya, usisome "kisafi". Soma "kilichozungushiwa mwiko".

Kutengwa na kukatazwa

Tafsiri yake ya dini aliitoa mwaka 1912, katika kitabu chake kikubwa cha mwisho kuhusu maumbo ya awali ya maisha ya kidini. Dini, alisema, ni mfumo mmoja wa imani na matendo yanayohusu vitu vitakatifu, yaani vitu vilivyotengwa na kukatazwa. Imani na matendo hayo huwaunganisha wote wanaoyafuata katika jumuiya moja ya kimaadili, ambayo aliipa jina la kanisa. Angalia kisichokuwemo: mungu hatajwi. Aliliacha jina hilo kwa makusudi, kwa sababu Ubudha katika sura zake kadhaa huenda bila mungu wa kuombwa, na bado ni dini.

Fungu la pili nalo lisieleweke vibaya. Lenyewe si la uovu, ni la mambo ya kawaida: jembe, sufuria, bei ya nyanya, njia ya kwenda kisimani. Vitu vya kawaida havina kosa lolote hadi vinapokutana na kitu kitakatifu bila utaratibu. Kiatu hakina ubaya. Kiatu ndani ya msikiti ndicho chenye ubaya. Anayejaribu kuorodhesha "vitu vitakatifu" na "vitu vya kawaida" katika safu mbili za daftari, bila kuandika nani, wapi na wakati gani, amekosea tangu mstari wa kwanza.

Mfano ambao Durkheim aliukalia kwa muda mrefu ni churinga za Waarunta, watu wa katikati ya Australia ambao leo jina lao huandikwa Arrernte. Yeye hakufika huko. Alitegemea zaidi kazi ya Baldwin Spencer, profesa wa biolojia, na Francis Gillen, aliyesimamia kituo cha simu za maandishi cha Alice Springs. Kitabu chao cha kwanza kilitoka mwaka 1899. Churinga ni kipande cha mti au cha jiwe lililosuguliwa, chenye umbo la yai au kirefu, na juu yake kumechorwa alama ya totemu ya ukoo, yaani mnyama au mmea ambao ukoo hujitambulisha nao. Zilihifadhiwa katika pango dogo mahali pa faragha. Wanawake na vijana ambao hawajapita jandoni hawakupakaribia. Mnyama aliyekimbilia hapo hakuuawa, na mtu anayefukuzwa akifika hapo aliachwa. Kwa hiyo mwiko ulikuwa umetoka kwenye kipande cha mti ukaenea hadi pangoni, kutoka pangoni hadi kwenye ardhi inayolizunguka.

Durkheim akauliza swali jepesi: kipande hiki kina tofauti gani na kuni? Kimetoka mti uleule. Tofauti ni alama tu, na alama ni ya ukoo. Kinachoheshimiwa basi ni ukoo wenyewe, umevaa umbo linaloshikika. Kwa wasomaji wake wa Paris alileta mifano miwili ya karibu. Askari hufa akiilinda bendera, na bendera ni kitambaa. Stempu ya posta iliyokwisha gongwa mhuri inaweza kuuzwa kwa fedha nyingi, wakati karatasi yake haina thamani yoyote. Thamani imewekwa juu ya kitu, haikuzaliwa nacho. Na kwa kuwa imewekwa tu juu, inamwagika kwa urahisi kwenda kwenye vitu vya jirani. Ndiyo maana makatazo ni mengi hivyo: yanazuia mmwagiko.

Kanuni inapata wapi nguvu

Hapa watu wengi hufunga sura ya dini na kufungua sura ya kanuni za jamii, kana kwamba ni mada mbili. Ni mada moja. Durkheim alianza na kanuni. Mwaka 1893, katika kitabu cha mgawanyo wa kazi, alieleza kwamba kosa la jinai ni tendo linaloumiza dhamiri ya pamoja, yaani imani na hisia ambazo watu wa jamii moja wanashiriki. Hatulilaani tendo kwa sababu ni jinai, bali ni jinai kwa sababu tunalilaani. Mwaka 1895 akaongeza kwamba jambo la kijamii hutambulikana kwa kuwa nje ya mtu mmoja mmoja na kwa kumbana. Lakini kubana huko kunatoka wapi? Jibu lenye kushikika alilitoa mwaka 1906, mbele ya Chama cha Falsafa cha Ufaransa, kwa kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia.

Vunja kanuni, kisha tazama matokeo. Ukivunja kanuni ya afya inayokutaka ujitenge na mgonjwa wa kuambukiza, unaugua. Ugonjwa unatoka ndani ya tendo lenyewe, na ungeweza kuutabiri kwa kulichunguza tendo hilo tu. Ukiua mtu, unalaaniwa na kuadhibiwa. Hata ulichunguze tendo la kuua kwa namna gani, hutaikuta lawama ndani yake, maana tendo hilohilo vitani halina adhabu, huenda likaleta nishani. Lawama imeunganishwa na tendo kutoka nje, na kanuni iliyotangulia. Aina hii ya pili ndiyo kanuni ya kimaadili.

Kisha akasema jambo ambalo wafuasi wa Kant, mwanafalsafa Mjerumani aliyejenga maadili juu ya wajibu, hawakulitegemea: wajibu peke yake hautoshi. Mtu hawezi kutenda kwa nguvu zake zote jambo ambalo halimvuti hata kidogo. Kanuni ya maadili ina nyuso mbili, inaamuru na inapendwa. Ni wapi pengine tunakuta kitu kinachoogopwa na kupendwa kwa pamoja, kinachotuweka mbali na kutuvuta? Ni kwenye kitu kitakatifu. Alisema wazi kwamba maadili hayaeleweki bila kuyalinganisha na utakatifu, na miaka sita baadaye kitabu chake kikaja kuonyesha chanzo cha vyote viwili ni kimoja: kundi.

Masharti ya mganga na mwiko wa ukoo

Kipimo cha 1906 hukwama mahali ambapo msomaji wa Afrika Mashariki atapaona haraka kuliko Mfaransa. Chukua mwiko wa ukoo usiokula nyama ya mnyama fulani. Ukimuuliza mzee, atasema anayeila hutokwa na vidonda. Kwake matokeo yako ndani ya tendo kabisa, kama maradhi ya kuambukiza. Je, basi mwiko huo ni kanuni ya afya?

Durkheim alilijibu hili katika kitabu cha 1912, na kwa maoni yetu ndipo alipokuwa makini kuliko kwingine kote, ingawa kurasa hizo hazitajwi sana darasani. Makatazo ya uganga na makatazo ya dini yote hutishia madhara yanayokuja yenyewe. Lakini katika uganga mambo huishia hapo. Mganga akikupa dawa, huambatanisha masharti: usile bamia siku saba, usivuke mto, usimpe mtu mkono asubuhi. Ukiyavunja, dawa inaharibika. Umejiletea hasara, umepoteza fedha zako, na mganga atakwambia uanze upya. Hakuna kikao kitakachoitwa, na mjomba wako hatakuacha kukusalimia kwa sababu ulikula bamia. Durkheim alieleza hivi: hakuna dhambi ya uganga.

Mwiko wa ukoo ukivunjwa, mambo mawili hutokea. Kuna hofu ya vidonda, na kuna lawama. Watu wanakutazama kwa jicho jingine hata kabla vidonda havijatoka, na hata visipotoka kabisa. Huenda ukatakiwa kutoa mbuzi, kutakaswa, kukiri mbele ya wazee. Tofauti inatokana na nani anayesimama nyuma ya katazo. Mganga ana wateja, na wateja wake hawajuani. Mmoja akitoka mlango huu mwingine anaingia mlango ule. Ukoo una watu wanaokutana, wanaozikana na kurithiana. Kwa hiyo ukitaka kujua kama katazo ulilolikuta ni kanuni ya kijamii yenye utakatifu au ni sharti la matumizi tu, usibishane juu ya vidonda. Tafuta lawama. Uliza nani angelaumu, kwa haki gani, na nini kingetakiwa ili lawama iishe.

Max Weber, mwanasosholojia Mjerumani wa kizazi hichohicho, alipanga ngazi inayosaidia hapa. Kuna mazoea na desturi, ambazo watu hufuata bila mtu kuwasimamia. Kuna kaida, ambayo anayeikiuka hukutana na karipio la watu wa kundi lake. Kuna sheria, ambayo ina kundi maalumu la watu waliowekwa kuitekeleza. Kwa Weber mpaka kati ya kaida na sheria hautokani na uzito wa kosa, unatokana na kuwepo kwa wasimamizi hao. Kuhusu utakatifu alikuwa na jambo moja la kukumbukwa: kitakatifu ni kile kisichobadilishwa. Ibada iliyoonekana kufaa hurudiwa neno kwa neno, hatua kwa hatua, kwa hofu kwamba badiliko dogo litaiharibu, na ugumu huo huenea hadi kwenye sheria, sanaa na kazi za mikono. Hapa Weber anaona kitu ambacho Durkheim alikipita haraka, yaani jinsi utakatifu unavyoweza kuzuia mabadiliko kwa karne nyingi.

Kula kidogo, wala si kutokula

Makatazo peke yake hayajengi dini. Durkheim aliyaita ibada ya kukanusha: yanatenga mahali, kama hekalu, na yanatenga muda, kama sikukuu. Lakini kitu kilichotengwa tu kinachakaa. Lazima watu wakikaribie, kwa utaratibu, na huko kukaribia ndiko ibada ya pili, ya kuunganisha.

Karibu na Alice Springs, watu wa totemu ya funza anayeishi kwenye mizizi ya vichaka walikuwa na ibada ya kumfanya funza huyo azidi. Spencer na Gillen waliieleza. Kiongozi aliwatangulia wanaume hadi kwenye pango lenye jiwe kubwa lililozungukwa na mawe madogo ya mviringo. Jiwe kubwa lilisimama kwa mdudu aliyekomaa, mawe madogo kwa mayai yake. Waliimba wakimtaka atage, huku wakiyagonga mawe. Kiongozi akachukua jiwe dogo na kumgusa nalo kila mwanamume tumboni, akisema: umekula chakula kingi.

Baadaye, msimu ulipofika na funza kuwa tele, walikusanywa, wakapikwa na kusagwa. Watu wa totemu hiyo kwa kawaida hawakumla mnyama wao isipokuwa kwa uchache sana. Lakini siku hiyo kiongozi alipaswa kula kidogo, kisha akawaachia wa totemu nyingine waliobaki. Akila kingi alipoteza uwezo wa kuifanya ibada. Asipokula kabisa, aliupoteza vilevile. Hapa ndipo anayesema "mwiko maana yake ni kukatazwa" anapoishiwa. Katazo na amri ya kukaribia vimo katika mdomo mmoja, kwenye tonge moja, na kiasi kimewekwa. Robertson Smith alikuwa ameshasema kwamba kafara ni mlo wa pamoja kabla haijawa zawadi kwa mungu, na Durkheim alimwona ameungwa mkono na mlo huu.

Kwenye mikusanyiko ya namna hii ndipo nguvu inapozalishwa. Kwa sehemu ya mwaka Waarunta waliishi kwa vikundi vidogo vilivyotawanyika, wakiwinda na kukusanya chakula. Kisha walikusanyika kwa siku nyingi, na kukusanyika kwenyewe kukawasha mchemko wa pamoja: nyimbo, vilio, mwendo wa miili, usiku kucha. Mtu alihisi ameshikwa na nguvu iliyo nje yake na kubwa kumliko. Hakukosea, anasema Durkheim. Alikosea jina lake tu. Aliona mchemko huohuo Ufaransa, usiku wa tarehe 4 Agosti 1789, pale wabunge wa tabaka la juu waliposimama mmoja baada ya mwingine kuzikana haki zao za upendeleo, jambo ambalo asubuhi yake hakuna aliyelitarajia.

Ni kosa kudhani kwamba mchemko ni furaha. Msiba nao ni mkusanyiko. Durkheim alishikilia kwamba kilio cha matanga si huzuni ya moyo inayomwagika yenyewe, ni wajibu. Watu hulia kwa sababu wanatakiwa kulia, na asiyelia huonekana ameutukana ukoo. Mwanafunzi wake Robert Hertz, aliyeuawa vitani mwaka 1915, alikuwa ameonyesha mwaka 1907, kwa mfano wa Wadayak wa Borneo, jinsi mwili unaooza, roho isiyotulia na ndugu waliotengwa huenda pamoja kwa muda uliopangwa, hadi mazishi ya pili yawafungue wote. Mjane anayekaa eda miezi minne na siku kumi yuko ndani ya muda wa aina hiyo: huingia kwa siku inayojulikana, hutoka kwa siku inayojulikana, na katikati yake ametengwa. Utakatifu wa namna hii una kalenda.

Mtu mwenyewe

Mwaka 1894 Kapteni Alfred Dreyfus, ofisa Myahudi wa jeshi la Ufaransa, alihukumiwa kwa uhaini kwa ushahidi wa uongo. Mwaka 1898 nchi iligawanyika. Mhakiki Ferdinand Brunetière aliandika kwamba wasomi wanaomtetea Dreyfus wanabomoa jeshi na taifa kwa ubinafsi wao. Durkheim alimjibu mwaka huohuo, na jibu lake linawashangaza wanaomjua kama mtetezi wa kundi tu.

Alitenganisha ubinafsi wa anayetafuta faida yake na ubinadamu wa Kant na Rousseau, unaomheshimu mtu kwa sababu ni mtu. Katika jamii ambayo watu wake hawafanani tena kwa kazi, imani wala mila, alisema, kitu pekee wanachoshiriki wote ni utu. Kwa hiyo utu ndio uliozungushiwa mwiko. Mwili wa mtu hauguswi bila ridhaa, heshima yake haichezewi, na anayeona mtu ameonewa hupata kichefuchefu kama cha muumini anayeona sanamu yake inanajisiwa. Kumtoa Dreyfus kafara ili taifa liokoke ni kukufuru dini pekee iliyobaki kuliunganisha taifa hilo.

Karibu miaka 60 baadaye, mwanasosholojia Erving Goffman aliichukua hoja hiyo akaishusha hadi kwenye salamu. Kila mtu, alisema, amebaki kuwa kama mungu, anayetembea kwa heshima na kupokea sadaka ndogondogo. Kuna ibada za kumwepuka na ibada za kumkaribia. Kupiga hodi ni ya kwanza kwa ukamilifu: unasimama nje, unaita, unarudia hadi mara tatu, na kama hakuna "karibu" unaondoka, hata kama unasikia watu ndani. Shikamoo na marahaba ni ya pili.

Wapi panavuja

Pigo kubwa zaidi kwa hoja ya Durkheim lilitoka kwa E. E. Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi na Wazande wa Sudani ya kusini. Aliandika mwaka 1965 kwamba mgawanyo wa mafungu mawili haukumsaidia kazini. Mzande hujenga katikati ya ua wake kihekalu cha mizimu. Wakati wa tambiko kinaheshimiwa. Tambiko likiisha, mwenyewe anaegemeza mikuki yake juu yake, au hakitazami kabisa. Kama mpaka ungekuwa mkali kama Durkheim alivyodai, mkuki usingefika hapo. Tunadhani pigo hili linaua ukali wa mpaka, lakini linaacha hai kile kinachofaa: kitu kimoja huingia katika utakatifu na kutoka, na kazi ya mtafiti ni kuandika saa ngapi kinaingia na nani anakiingiza.

Pigo la pili lilitoka kwa Phyllis Kaberry, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Kimberley, kaskazini-magharibi mwa Australia, na kuuchapisha mwaka 1939. Durkheim aliwaweka wanawake upande wa kawaida kwa sababu waliomletea habari walikuwa wanaume waliozungumza na wanaume. Kaberry alikaa na wanawake, akakuta wana nyimbo zao, sherehe zao na siri zao ambazo wanaume hawakuruhusiwa kuzikaribia. Ukichukua orodha ya makatazo kutoka kwa upande mmoja tu wa mpaka, utadhani upande wa pili ni mtupu.

Kigango, kutoka uani hadi kwenye kabati la kioo

Tuyajaribu yote haya kwenye kitu kimoja. Wagiriama, mojawapo ya makabila tisa ya Mijikenda kwenye pwani ya Kenya, huwasimikia vigango marehemu waliokuwa wanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi. Kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu, una kichwa cha duara au cha pembe, na mwili umechongwa pembetatu zinazopangana. Hufungwa vitambaa, humwagiwa tembo la mnazi. Ndani yake imo koma, roho ya marehemu. Kikishasimikwa hakihamishwi. Jamaa wakihama, kinabaki. Mvua na mchwa vina ruhusa ya kukila.

Tangu miaka ya 1970 vigango vilianza kung'olewa usiku na kuuzwa kwa watalii na wakusanyaji wa sanaa, na mamia yakaishia Marekani. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa na vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibwa. Kimoja kilipatikana katika jumba la makumbusho la Illinois, kingine katika Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia; vilirudishwa Kenya mwaka 2006 na 2007. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver lilitangaza kurudisha vingine 30.

Uliza maswali kwa mpangilio. Nini kimekatazwa? Kuking'oa. Nani angelaumu? Jamaa na wazee wa Gohu, na si kwa hofu ya ukame na magonjwa tu. Wizi huo ulikuwa aibu, kwa hiyo si sharti la mganga. Nini kinakisogeza karibu? Tembo na kitambaa, kwa mkono wa aliyeruhusiwa. Kundi gani linasimama nyuma yake? Ukoo, na Gohu. Na walioving'oa walitoka wapi? Mara nyingi walikuwa vijana wa palepale, na hilo linaonyesha mahali kundi lilipokuwa limeshalegea: kijana asiyetarajia kuingia Gohu, na asiyeketi kwenye tambiko lake, anaona ubao wenye bei.

Swali gumu ni lile la Marekani. Je, kigango kilipofika kwenye kabati la kioo kilikuwa kimegeuka kitu cha kawaida? Wengi hujibu ndiyo. Tazama tena. Hakiguswi kwa mkono mtupu. Anayekishika anavaa glavu. Mwanga umepunguzwa, joto na unyevu vinapimwa, maandishi yanasema usiguse, na watu wanapita wakinong'ona. Hayo ni makatazo kamili, ya kundi jingine, lenye kanuni zake kuhusu sanaa na urithi wa dunia. Makundi hayo mawili yanagongana katika sehemu moja mahususi. Jumba la makumbusho linaruhusu kigango kihamishwe maelfu ya kilomita, na linakataza kisioze. Gohu inaruhusu kioze, na inakataza kisihamishwe hata hatua moja.